Arthur Vierendeel: mhandisi aliyevunja daraja lake mwenyewe mbele ya watu

Asubuhi ya Salamabila mara nyingi inaanza kwa sauti ya gurupe. Kisha unaona ule mwanga wa buluu unaochoma macho, na unajua kwamba sudere amekwisha kuingia kazini. Mchimbaji ameleta konkaseri yake yenye mguu uliopasuka. Mwenye pikipiki ameleta fremu iliyokatika njiani akitoka Kasongo na mzigo. Mama mmoja anangoja mlango wa toli wa duka lake. Wote watatu wana swali moja: itashika? Na fundi anajibu kwamba itashika. Hapo hakuna karatasi, hakuna kipimo, hakuna mtu wa pili wa kuangalia. Kuna neno la fundi tu.

Mlango ukiachia, hasara ni ndogo. Lakini kuna vyuma ambavyo vikiachia, watu wanakufa: daraja, tangi la hewa la kompresa, bomba la kiwanda cha dhahabu, gurudumu la konkaseri linalozunguka karibu na vijana kumi. Kwa vyuma kama hivyo, dunia ilijifunza kwa hasara kwamba neno la fundi peke yake halitoshi. Moja ya hasara hizo ilitokea Ubelgiji, nchi iliyotutawala, tarehe 14 Machi 1938. Daraja lililoanguka siku ile lilikuwa la aina inayoitwa kwa jina la mzee mmoja wa miaka 85. Katika ukurasa wetu wa leo tunawaletea maisha ya mzee huyo, Arthur Vierendeel, wasomaji na wasikilizaji wetu, juu ya sababu moja: yeye mwenyewe alijua tangu ujana wake namna ya kulijibu lile swali la mama wa duka. Tatizo ni kwamba wakati moto wa kuchomelea ulipofika, watu walikuwa wameisahau njia yake.

Mtoto wa Leuven

Vierendeel alizaliwa tarehe 10 Aprili 1852 katika mji wa Leuven. Ubelgiji wakati ule ilikuwa nchi changa, ilipata uhuru wake mwaka 1830 tu, na habari ya Kongo ilikuwa bado. Lakini ilikuwa nchi ya makaa na chuma. Treni yake ya kwanza ya abiria ilitoka Bruxelles kwenda Mechelen mwaka 1835. Kijana aliyezaliwa pale na mwenye akili ya hesabu hakuwa na haja ya kutafuta mbali kazi ya kufanya. Vyuma vilimngoja.

Alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, akamaliza mwaka 1874. Hakukimbilia kwanza ofisini. Aliingia katika ateliye ya vyuma ya Nicaise et Delcuve, mji wa La Louvière, na huko aliona chuma kinakatwa, kinatobolewa, kinaunganishwa. Bado kijana, alichora umbo la chuma la jengo la michezo la Cirque Royal katika Bruxelles, lililofunguliwa mwaka 1878. Ilikuwa kazi kubwa kwa mtu wa umri ule.

Mwaka 1885 alichukuliwa kuongoza kazi za ujenzi za jimbo la Flandre ya Magharibi: barabara, madaraja, mifereji, majengo ya serikali. Mwaka 1889 akaanza pia kufundisha Leuven. Basi akawa mtu wa kazi mbili. Katikati ya juma mmoja angekuta anasaini karatasi za daraja la kijiji, na siku nyingine yuko mbele ya wanafunzi na chaki mkononi. Kazi hizi mbili zilimsaidia. Mtu wa ofisi peke yake anaweza kusahau hesabu, na mwalimu peke yake anaweza kusahau kwamba kuna watu watakaopita juu ya hesabu yake na mizigo kichwani.

Ngazi iliyolazwa ubavu

Ili tuelewe alichofanya, tuchukue mfano wa vijiti. Funga vijiti vinne kwa kamba vifanye pembe nne, sawa vile fremu ya dirisha. Ukisukuma juu, fremu inalala upande. Sasa weka kijiti cha tano kutoka kona hadi kona. Fremu inasimama imara. Njo maana paa la nyumba, na madaraja mengi ya chuma, vimejaa pembe tatu. Katika pembe tatu hata kama kona inacheza kidogo, umbo haliwezi kulala, juu ya ule mkono wa mshazari unaolizuia.

Vierendeel alitaka kuiondoa mikono ya mshazari. Alitaka daraja lenye boriti mbili ndefu, moja juu na moja chini, na nguzo za kusimama kati yao, basi. Ukiliangalia kwa ubavu, ni sawa vile ngazi iliyolazwa. Vipande vinakuwa vichache, kupaka rangi ni rahisi, na hesabu ya nguvu katika kona, alisema yeye, inakuwa wazi zaidi kuliko katika madaraja ya kawaida, ambako wahandisi walijifanya kwamba kona zinacheza wakati kwa kweli zimebanwa.

Lakini je, kitu gani kitazuia ngazi hiyo isilale? Jibu ni moja: kona. Kila mahali ambapo nguzo inakutana na boriti, kiungo lazima kiwe kigumu kabisa, kisifunguke hata kidogo. Katika daraja la pembe tatu, kiungo ni msaidizi. Katika daraja la Vierendeel, kiungo njo uhai wenyewe. Tafadhali msomaji, lishike neno hili, maana huko mbele ndiko tutakakokutana nalo tena.

Aliweka wazo lake hadharani mwaka 1896. Wenzake wengi hawakuamini. Daraja bila mikono ya mshazari lilionekana kama kitu ambacho mtu amesahau kumaliza.

Tervuren, mwaka 1897

Mwaka 1897 Bruxelles ilifanya maonyesho makubwa ya dunia, na sehemu moja ya maonyesho ilikuwa Tervuren, nje kidogo ya mji. Sisi Wakongomani tunalijua jina la Tervuren kwa uchungu. Mfalme Leopold wa Pili aliwaleta kule Wakongomani 267, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza ili Wabeleji waje kuwatazama. Saba kati yao walikufa kwa baridi na magonjwa. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange, na makaburi yao yako hadi leo pembeni ya kanisa la Tervuren. Huku kwetu Maniema, miaka minne tu ilikuwa imepita tangu majeshi ya Dhanis yaliposhika Kasongo mwezi wa Aprili 1893, na mwaka uleule wa 1897 askari wake waliasi na vita vikarudi tena katika nchi yetu.

Katika Tervuren hiyohiyo, mwaka huohuo, Vierendeel alisimamisha daraja la majaribio. Lilikuwa na urefu wa mita 31 na nusu, la chuma, lenye umbo lake la ngazi. Hakulijenga ili watu wapite. Alilijenga ili livunjike. Alilipakia uzito, akaongeza, akaongeza tena, huku akipima namna lilivyopinda, mpaka likashindwa. Kisha akalinganisha: hesabu alizoandika kabla zilisema nini, na chuma kilifanya nini. Vilikubaliana.

Tuone vizuri jambo alilofanya. Mtu amebuni kitu, jina lake liko juu yake, wakubwa wa taaluma wanamcheka. Badala ya kuwabembeleza waamini, anachukua kitu chake bora na kukiharibu mbele ya watu, kwa makusudi, ili ijulikane kinaanza kushindwa wapi. Baada ya hapo, mtu akiuliza daraja hili litabeba kiasi gani, jibu linatoka katika kipimo, na anayetaka kubisha anaweza kuangalia namba.

Jaribio lile lilifungua mlango. Mwaka 1902 daraja la kwanza la kweli la aina yake lilijengwa Avelgem, juu ya mto Escaut. Mengine yakafuata, na jina Vierendeel likaanza kusomwa katika vitabu vya uhandisi nje ya Ubelgiji.

Kutoka riveti hadi moto

Madaraja hayo ya kwanza yalifungwa kwa riveti. Riveti ni sawa vile msumari mnene: unapashwa moto mpaka unakuwa mwekundu, unapitishwa katika tundu la bamba mbili, na kichwa chake kinapondwa kwa nyundo upande wa pili. Ukipoa unajikaza na kubana bamba. Daraja moja lilihitaji maelfu ya riveti. Mkaguzi alitembea na nyundo ndogo, anagonga riveti moja baada ya nyingine, na kwa sikio alijua ipi imelegea. Kazi ilikuwa nzito na polepole, lakini kosa lilisikika.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuchomelea kwa umeme kulipiga hatua kubwa. Bageti yenye ganda la dawa, ileile ambayo sudere wetu wananunua leo sokoni, ilikuwa imebuniwa na Msweden Oscar Kjellberg mwanzoni mwa karne. Sasa iliwezekana kuunganisha chuma kwa chuma bila kutoboa tundu, bila bamba za kupachika, na kwa uzito mdogo. Kwa madaraja ya Vierendeel ilionekana kama zawadi. Kumbuka, uhai wa daraja lake uko katika kona ngumu, na kona iliyochomelewa inakuwa kitu kimoja na boriti.

Kuanzia mwaka 1930 Ubelgiji ilichimba mfereji wa Albert, kutoka Liège hadi Anvers, kama kilomita 130. Mfereji unakata barabara na reli, kwa hiyo madaraja mengi yalihitajika kwa haraka. Wabeleji walichagua mfumo wa mhandisi wao. Madaraja ya Vierendeel kama 50 yalijengwa katika miaka ile ya 1930, yamechomelewa. Vierendeel alikuwa amepita miaka 80. Kazi ya ujenzi ilikuwa mikononi mwa wahandisi na mafundi wa kizazi kingine, lakini jina lilikuwa lake. Mzee gani asingefurahi?

Sasa tuseme ukweli uliokuja kuonekana baadaye. Mwaka 1897 mzee huyu alijaribu daraja la riveti mpaka likavunjika. Madaraja ya moto yalikuwa kitu kipya, lakini yalijengwa moja baada ya lingine kabla ya watu kujua vizuri chuma kinene kilichochomelewa kinavunjika namna gani. Kwa macho, mstari wa kuchomelea ulikuwa mzuri. Na mstari wa kuchomelea una tabia moja mbaya: unaficha. Ukiupiga nyundo haukuambii siri yake sawa vile riveti.

Asubuhi ya Hasselt

Daraja la Hasselt lilikuwa na urefu wa mita 74 na nusu, na lilikuwa limetumika mwaka mmoja na kitu tu. Asubuhi ya tarehe 14 Machi 1938 hapakuwa na mzigo mkubwa juu yake. Tramu ilipita, na watu wa miguu. Ghafla ukasikika mlio mkubwa kama wa bunduki. Ufa ulikuwa umefunguka katika boriti ya chini. Watu waliokuwa juu walipata nafasi ya kukimbia. Dakika kama sita baadaye daraja lote lilikatika vipande vitatu na kuingia katika maji ya mfereji. Mungu alisaidia, hakuna aliyekufa.

Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Hasselt hakuna aliyepewa muda hata wa kuuona ufa.

Kama lingekuwa daraja moja tu, watu wangesema ni bahati mbaya. Lakini mwezi wa Januari 1940, wakati wa baridi kali, mawili mengine ya aina ileile yalipasuka: tarehe 19 daraja la Herentals, lililopasuka lakini likabaki limesimama, na tarehe 25 daraja la Kaulille, siku ambayo baridi ilifika nyuzi 14 chini ya sifuri. Hapo haikuwezekana tena kusema bahati.

Walikuta nini?

Wengi walianza kulaumu umbo la ngazi. Wengine walilaumu masudere. Wengine walilaumu chuma. Ubishi ule ulichukua miaka, na jibu lililobaki ni kwamba mambo manne yalikutana mahali pamoja.

La kwanza ni chuma chenyewe. Sehemu ya chuma cha wakati ule kilikuwa na fosforasi na naitrojeni nyingi. Wakati wa joto kinapinda vizuri, lakini kikipata baridi kinakuwa kama glasi: hakipindi, kinapasuka.

La pili ni nguvu iliyofungwa ndani. Kila sudere wa hapa anaijua bila kuambiwa na profesa. Ukichomelea toli upande mmoja, inajikunja, juu chuma kilichoyeyuka kikipoa kinajivuta. Sasa chukua bamba nene sana, lililobanwa huku na huku hata haliwezi kujikunja. Ule mvuto hauendi mahali. Unabaki ndani ya chuma kama kamba iliyokazwa, siku na usiku, hata kabla ya tramu ya kwanza kupita.

La tatu ni kona. Mahali nguzo ilipokutana na boriti, umbo lilibadilika kwa ghafla, na nguvu zote zikasongamana pale. Ukitaka kupasua kitenge, unafanya alama ndogo kwa meno au kwa mkasi, kisha kinapasuka chenyewe moja kwa moja. Kona kali, au kosa dogo katika mstari wa kuchomelea, ni ile alama ya meno.

La nne, na mara nyingi linasahauliwa, ni kwamba daraja lililochomelewa ni kipande kimoja. Katika daraja la riveti, ufa ukifika mwisho wa bamba unasimama, maana bamba la pili ni kitu kingine. Katika daraja la moto hakuna ukingo. Ufa ukianza kukimbia, barabara yake iko wazi.

Kwa hiyo sudere hakuwa na kosa peke yake, wala mzee Vierendeel hakuwa na kosa peke yake. Kilichokosekana ni ule mtindo wa Tervuren: kuchukua chuma chenyewe, bageti yenyewe, mkono wenyewe, unene wenyewe, na kuvunja kipande kabla ya kuamini daraja.

Siku za mwisho

Mwezi wa Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji, na mfereji wa Albert ukawa mstari wa vita. Madaraja mengi ya mfereji yaliharibiwa katika vita hiyo. Vierendeel alifariki Uccle, karibu na Bruxelles, tarehe 8 Novemba 1940, akiwa na miaka 88, nchi yake ikiwa chini ya utawala wa wageni. Aliondoka wakati jina lake lilikuwa likitajwa pamoja na neno Hasselt.

Kama angeishi kidogo, angeona kwamba mfumo wake haukuwa peke yake. Tarehe 16 Januari 1943, Marekani, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady ilikatika katikati ikiwa imefungwa gatini, katika maji matulivu. Haikuwa na ngazi ya Vierendeel. Ilikuwa imechomelewa tu, na ilikuwa siku ya baridi. Meli nyingine nyingi za vita zilipasuka vilevile. Mwanamke mmoja wa Uingereza, Constance Tipper wa Cambridge, njo alionyesha wazi kwamba kila chuma cha aina ile kina kiwango chake cha baridi: chini ya hapo kinaacha kupinda na kinaanza kupasuka.

Kutokana na hasara hizo, kuchomelea kulipata sheria zake. Chuma cha daraja sasa kinapigwa kwa nyundo ya kipimo, ile iliyobuniwa na Mfaransa Georges Charpy, kikiwa kimepoozwa, kuona kama kitavumilia. Chuma kinene kinapashwa moto kabla ya kuchomelewa. Kona zinalainishwa zisiwe kali. Na sudere mwenyewe anapimwa.

Umbo la ngazi la Vierendeel halikufa. Lilirudi katika majengo, mahali ambapo watu wanataka nafasi ya kupita bila mikono ya mshazari. Taasisi ya Salk kule California, iliyochorwa na Louis Kahn, inabebwa na boriti za Vierendeel. Ubelgiji pia baadhi ya madaraja yake yamesimama mpaka leo.

Sudere anapimwa namna gani?

Hapa njo tunarudi nyumbani. Vijana wengi wa Salamabila na Kabambare wanaenda kuomba kazi kwenye kampuni, wanaulizwa cheti cha usudere, wanashangaa: mimi nimechomelea miaka kumi, karatasi ya nini? Ni vizuri kujua karatasi ile inasema nini.

Kanuni inayotumika sana duniani kwa sudere wa chuma cha kawaida inaitwa ISO 9606-1. Haimuulizi mtu amesoma shule gani. Anapewa bamba mbili au mabomba mawili, anachomelea mbele ya mkaguzi. Kisha kipande kinaangaliwa kwa macho, kinapigwa picha ya eksrei au kinakatwa vipande na kupindwa katika mashine mpaka mstari wa kuchomelea utazame nje. Ukifunguka, ameshindwa. Ukishika, anapewa cheti. Na cheti hakisemi kwamba huyu ni sudere mzuri, basi. Kinasema anaweza kuchomelea kwa njia hii, bageti ya aina hii, unene kutoka hapa hadi hapa, na mkao huu: chuma kimelala, kimesimama, au kiko juu ya kichwa. Aliyepimwa chuma kikiwa kimelala hana ruhusa ya kuchomelea juu ya kichwa chake.

Cheti pia kinachoka. Kila miezi sita mwenye kazi lazima athibitishe kwamba mtu huyu ameendelea kuchomelea kazi za namna ileile. Na kwa njia ya kawaida, baada ya miaka mitatu anapimwa upya. Mkono ukikaa bila kazi unasahau, hata mkono wa bingwa.

Nchini kwetu, INPP, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina kazi ya kufundisha ufundi kama huu. Lakini kutoka hapa hadi mjini njia ni ndefu, na sudere wetu wengi wamejifunza kwa kumtazama mkubwa wao. Hilo si aibu. Hata hivyo, kuna sehemu ya mtindo wa Tervuren ambayo haihitaji mashine wala safari.

Ukipokea kazi ambayo inabeba uhai wa mtu, chukua vipande viwili vya chuma kilekile na bageti ileile, chomelea, kisha bana katika etau na upige kwa nyundo mpaka kivunjike. Angalia ndani. Kama kuna matundu kama ya mkate, bageti ililowa, au chuma kilikuwa na kutu na mafuta. Kama bamba zimeachana safi kana kwamba hazikugusana, umeme ulikuwa mdogo, haukuingia ndani. Kama chuma kimepinda kwanza na kuchanika kwa shida, unaweza kulala.

Bageti zichungwe na unyevu, hasa masika. Zile za aina ya baziki zinahitaji kukaushwa kwa joto la nyuzi 300 hadi 350, maana maji yakiingia katika ganda yanapeleka haidrojeni ndani ya chuma, na ufa unaweza kutokea hata kesho yake, wakati mteja amekwisha kubeba kazi yake.

Kwa tangi la maji au la mafuta, paka chokaa nyepesi upande wa nje wa mstari wa kuchomelea, iache ikauke, kisha paka petroli ya taa upande wa ndani, mbali na moto wowote. Petroli inapita mahali ambapo maji hayapiti. Alama nyeusi ikitokea juu ya chokaa, umelipata tundu. Na tangi la hewa la kompresa kamwe lisijaribiwe kwa kulijaza hewa. Linajazwa maji kwanza, kisha maji yanasukumwa kwa pampu, maana maji yakiachia yanamwagika, lakini hewa ikiachia inaua.

Na ufa, ndugu sudere, hauzibwi kwa kuupaka bageti juu. Unafuatwa mpaka mwisho wake, unatobolewa tundu dogo pale mwisho ili usikimbie, unachimbwa kwa mele mpaka chuma safi kionekane, kisha njo unajazwa.

Anayeshuka na treni Samba, akitoka Kabalo, amepita Kongolo juu ya daraja kubwa la Lualaba, na hakumuuliza mtu kama litashika. Mtu akivuka kilalo chochote kati ya Kasongo na Salamabila, na mtoto mgongoni na mzigo kichwani, vilevile haulizi. Anaamini kwamba kuna mtu aliyeuliza kabla yake. Vierendeel, siku ile ya Tervuren, alikuwa mtu huyo: alipakia uzito juu ya kazi yake mpaka ikavunjika, wakati hakuna mtoto wa mtu aliyekuwa juu.

Sudere wa hapa anayevunja kipande kimoja asubuhi kabla ya kuanza kazi ya konkaseri, anapoteza bageti mbili na nusu saa. Mteja akiuliza itashika, amuonyeshe kile kipande kilichovunjika.